Vidole vya Achol

Jerusha alipoamua kuhamia Lodwar, hakuhangaika kutafuta mtu wa kumwachia kioski chake cha Kakuma. Alimtaka Akai. Ilikuwa mwaka wa 2012. Mafuta yalikuwa yamegunduliwa upande wa kusini, serikali ya kaunti ilikuwa njiani, na wafanyabiashara waliotoka kule chini ambako Waturkana hukuita Kenya walikuwa wakikimbilia Lodwar kuwahi vyumba. Jerusha, mzaliwa wa Vihiga, hakutaka kuachwa nyuma.

Kioski kilikuwa cha mabati, na kazi yake ilikuwa kutuma na kupokea pesa kwa simu, kuuza vocha na kuchaji simu kwa sola. Akai alikuwa pale tangu alipomaliza darasa la nane. Wachungaji wa Lopur, ambao zamani waliuza mbuzi wakarudi nyumbani wakiogopa kila kichaka, sasa walimwachia noti zao na kuondoka na simu tu mkononi. Akina mama wa kambi ya wakimbizi walimletea jumbe za watoto wao walioko Juba na Australia awasomee. Huyu alimsalimia ejok, yule salaam, na Akai alimjibu kila mtu kwa lugha yake.

"Lete kitambulisho," Jerusha alimwambia, "tuandikishe laini ya wakala kwa jina lako. Kioski kiwe chako. Mimi nikipita Kakuma nitakuwa mgeni wako."

Akai alikuwa ameomba kitambulisho tangu mwanzo wa mwaka. Alikwenda ofisi ya usajili kukiulizia akiwa amevaa gauni lake la kanisani. Karani, kijana aliyeitwa Kiprop, aliitazama karatasi yake, kisha akamtazama yeye.

"Wewe ni Akai, binti ya Akeno?"

"Ndiyo."

"Na Achol ni nani?"

Akai aliishusha mikono yake kutoka mezani.

"Vidole ulivyobonyeza hapa vilipelekwa Nairobi," Kiprop alisema. "Kompyuta imevikuta kwa wakimbizi. Picha iliyoko huko ni yako. Jina ni Achol, na kwao ni Sudan."

Yaliyotokea Akai aliyajua vizuri, kwa kuwa alikuwa na miaka kumi na mitano wakati huo. Mvua ilikuwa imekataa, mifugo yao imekwisha, na mama yake, Akeno, alikuwa akiuza kuni kambini. Mmoja wa wateja wake alikuwa Ayen, mama wa Kidinka. Binti wa Ayen, Achol, alikufa kwa malaria, na muda mfupi baadaye wakaja watu wenye mashine wakitaka kila jina lililo kwenye kadi ya chakula lije na mwili wake, lipigwe picha, libonyeze vidole. Ayen alimtazama Akai, ambaye mbavu zake zilikuwa zikihesabika, akamwambia Akeno, "Nipe huyu niende naye." Wakaenda. Tangu siku hiyo unga wa Achol uligawanywa kwenye sufuria mbili, na ndio uliomvusha Akai mwaka ule. Hakuna aliyefikiri kwamba mashine ingekumbuka. Sudan Kusini ilipopata uhuru, Ayen aliirudisha kadi, akarudi kwao Bor.

Akai alimsimulia Kiprop yote hayo bila kuficha. Kesho yake alirudi na chifu Ejore, mzee aliyemfahamu tangu alipozaliwa.

"Huyu ni mtoto yetu," chifu alisema. "Baba yake tulichunga ng'ombe pamoja. Mimi nasema hivyo, na mimi ni serikali."

"Chifu, nakuamini," Kiprop alijibu kwa heshima. "Zamani neno lako lingetosha. Sasa hata mimi mwenyewe siwezi kufungua kitu ambacho kompyuta imekifunga."

Aliandika sababu ya kukataliwa kwenye karatasi, akamwelekeza Akai kwenye ofisi ya wakimbizi. Huko waliangalia, wakasema Achol alikwisha kurudi kwao, hawana chakula chake wala kadi yake, lakini vidole havifutwi. Aende ofisi ya juu, Lodwar.

Alifika kwenye kizuizi cha polisi tu, nje ya mji. Askari mmoja, Odongo, aliomba vitambulisho vya abiria wote. Akai alikuwa na ile karatasi peke yake, akampa. Odongo aliisoma polepole.

"Hapa wameandika mkimbizi. Kibali chako cha kutoka kambini kiko wapi?"

"Mimi ni Mturkana, afande. Kambi ndiyo imejengwa kwetu."

Abiria walimtetea kwa Kiturkana, wote kwa pamoja. Odongo alitikisa kichwa. "Wao wanasema. Karatasi ya serikali inasema vingine. Shuka, mama, kabla sijakuweka ndani."

Akai alishuka, gari likaondoka na chupa yake ya maji. Alirudi Kakuma kwa miguu katika jua lile. Hakuijaribu tena barabara ya Lodwar. Upande mmoja wa laga, ule mto mkavu, kulikuwa na kambi ambayo hakuwa na kadi yake, upande wa pili kulikuwa na mji ambao haukuwa na jina lake, na kwenye njia ya kutoka alisimama Odongo.

Jerusha hakuweza kungoja. Laini ikaandikishwa kwa kitambulisho cha Lokol, mtoto wa mjomba wa Akai, mfanyabiashara wa mbuzi aliyekuwa na pikipiki na moyo mwepesi. Lokol hakujua kuitumia, akamwachia Akai yote. Akai alifungua asubuhi, akafunga jioni, lakini kila ujumbe uliomfikia mteja ulisema Lokol. Wateja wapya waliuliza mwenye kioski yuko wapi. Mwanzoni Akai alikuwa akiwaeleza. Baadaye akawa anasema ametoka kidogo.

Uchaguzi ulipofika, mwaka uliofuata, alifunga kioski kwa kuwa watu wote walikuwa kwenye foleni. Akeno aliporudi kutoka kupiga kura aliuficha mkono wenye wino ndani ya shuka, akasema jua ni kali, akaketi.

Kisha Lokol akaoa. Mkewe alikuwa wa Kalemng'orok, karibu na kule ambako magari ya mafuta yalikuwa yakipita mchana kutwa. Lokol alikuja kioskini, akasimama mlangoni bila kuingia.

"Dada, huko watu wanatafuta wakala, hakuna. Nataka kuhamisha laini."

"Na mimi?"

"Njoo na sisi. Nitakuajiri."

"Nipite wapi, Lokol?"

Lokol alikuwa amesahau kile kizuizi. Alitazama chini, akacheza na ufunguo wa pikipiki. "Pole," alisema. "Lakini iko kwa jina yangu." Akaondoka nayo. Akai akabaki na kuchaji simu na kuwawekea vijana nyimbo kwenye memori kadi. Wachungaji wa Lopur wakahamia kwa wakala mwingine barabarani.

Tumaini lake lilikuwa Ayen. Walikuwa wakipigiana simu mara kwa mara, na Ayen alikuwa tayari kuja. "Nikivuna nitakuja," alisema kwa Kiswahili chake cha kambini. "Nitasema mbele yao, Achol yangu alikufa, huyu ni ya Akeno. Mimi ndiyo nilikuingiza, mimi nitakutoa."

Kiprop alipoambiwa alifurahi. "Aje mwenyewe, maana kwa simu hawakubali. Na jambo moja, Akai. Kesi yako imeshafika Nairobi. Usiguse tena mashine ya kambini. Ukibonyeza hata mara moja, umewathibitishia wewe ni Achol, nami sitaweza tena kukusaidia."

Vita vilianza Sudan Kusini mwezi wa Desemba, kabla Ayen hajafunga safari. Akai alisikia jina la Bor kwenye redio ya duka la jirani. Alipiga simu. Mteja hapatikani. Alipiga siku baada ya siku, hata sauti ile ya kike ikawa inamjibu kabla hajaimaliza namba kichwani mwake. Kisha malori yakaanza kuingia kutoka mpakani yamejaa akina mama na watoto, na kijana mmoja aliyekuja kuchaji simu, Reath, akamwambia amemwona mama wa Kidinka, mgonjwa, anayeuliza watu kama wanamjua Akai wa simu.

Akai alikimbia hadi kituo cha mapokezi. Mlinzi, Barasa, alimzuia getini.

"Wenyeji hawaingii, dada. Ni wakimbizi peke yao."

"Kuna mama yangu ndani. Anaumwa."

"Basi mwenye jina aende pale kwenye mashine. Mwingine, hapana."

Akai alisimama pembeni, watu wakimpita. Alimkumbuka Kiprop. Aliwaza kumtuma mtu, lakini nani, na amtafute nani katika umati ule? Kilio cha watoto kilisikika nyuma ya ukuta wa mabati. Akajiunga na foleni. Ilipofika zamu yake aliweka kidole, na kwenye kioo ikatokea sura ya msichana wa miaka kumi na mitano, mashavu yamebonyea.

"Achol," karani wa mashine alisema. "Ingia."

Alimkuta Ayen amelala juu ya mkeka, ubavuni kwake mjukuu mdogo. Bintiye mkubwa, mama wa yule mtoto, hakuwa amevuka mpaka. Ayen alimshika Akai mkono, akamtazama, kisha akajiinua ghafla.

"Umepitaje hapa?"

Karani alikuwa tayari amesimama juu yao na kompyuta yake ndogo.

"Mama, huyu ndiye binti yako Achol?"

"Hapana!" Ayen alisema. Sauti ilikuwa imemkauka lakini aliilazimisha. "Achol alikufa. Nilimzika hapa Kakuma. Huyu ni Akai, mtoto ya Akeno, Mturkana. Andika hivyo. Andika!"

Karani alitazama kioo, akamtazama Akai, akamwinamia Ayen kwa upole. "Mama, umechoka na safari, na umeona mengi. Binti yako yuko hai, ameweka kidole sasa hivi."

Ayen alilia kwa uchungu, akimpiga Akai kifuani kwa ngumi isiyo na nguvu. "Kwa nini uliweka? Nilikuwa nimekuja kusema!"

"Ningekupataje?" Akai alisema.

Waliandikwa watu watatu kwenye kadi moja. Walipewa mablanketi, sufuria na turubai. Akai akamfunga mtoto mgongoni kwa kitenge, akamshika Ayen kiunoni, wakaenda taratibu hadi kwenye kiwanja walichoonyeshwa, mahali palipojaa vichaka vya miiba vya mathenge. Akeno aliwafuata jioni akiwa na maziwa na panga la kukatia miti ya kibanda. Alianza kukata.

Kiprop alipopata habari, hakumkemea. Alisema tu kwamba jibu la Nairobi limekuja: mwenye vidole ni Achol, mkimbizi, na faili ya Akai imefungwa.