Kuku Aliyepikwa Bila Kuonjwa

Iko Jumapili moja, mwanangu, ambayo nikiifikiria hata leo nasikia harufu ya chungu. Nilikuwa bado mgeni Bwera, mke wa mtu ambaye hajamaliza hata mwaka, na mikono yangu ilikuwa bado inatafuta chumvi na vijiko mahali ambapo mama yangu alikuwa akiviweka, kule Butembo.

Kwetu nilikuwa Kavira. Nilipovuka mpaka pale Mpondwe kuolewa na Masereka, jina likageuka Biira, maana ndivyo anavyoitwa binti wa pili upande huu. Lugha haikunipa taabu. Kinande chetu na Kikonzo chao ni ndugu wa tumbo moja, ukijua hiki umejua na kile. Aliyenipa taabu ni kuku.

Mama yangu mzazi alikuwa mfanyabiashara wa vitenge, na alipokula kuku alichukua bawa bila kumwuliza mtu. Katika nyumba niliyoolewa, mwanamke alipika kuku lakini hakumla. Hakulamba hata kijiko. Hakuna aliyenieleza sababu, na mimi sikuuliza. Nilikuwa mkamwana, na mkamwana wa siku zile alijifunza kwa macho.

Na macho yangu yalifaidi, sitakudanganya. Mama mkwe wangu, tuliyemwita Mama Baluku kwa jina la mwanawe wa kwanza, alisifika kwa kuku kilima kizima. Watu wakialikwa harusi walikuwa wanauliza kwanza kama yeye ndiye yuko jikoni. Alimnyonyoa jogoo kwa maji ya moto, akampitisha juu ya miali ili vinyoya vilivyobaki viungue, kisha akamkata kwenye viungo vyake bila kuvunja mfupa. Akapanga nyama chunguni na vitunguu, akafunika, akapunguza kuni. Baada ya hapo aliketi. Mimi nilikuwa na haraka ya ujana, nafunua kila mara. Aliniambia jogoo aliyekulia milimani ana nyama ngumu, na moto mkali unamkaza zaidi, basi niuache mchuzi ucheke polepole. Mpaka leo ndivyo ninavyopika.

Sasa utauliza, alijuaje chumvi imekolea? Nami nilijiuliza. Baadaye nilikuja kujua kwamba miaka yote alikuwa na wana wa kiume nyumbani. Alimwita mmoja, akamtilia mchuzi kiganjani, mtoto akasema bado au tayari. Ila nilipofika mimi, wana wote walikuwa wameshatoka. Masereka wangu mwenyewe alifanya kazi ya ufundi wa magari mjini Kasese, akirudi Jumamosi. Mama Baluku akabaki anapika kwa pua na mazoea. Tena siku hizo alikuwa ameacha mabonge ya chumvi ya Katwe aliyoyazoea, anatumia hii ya pakiti, nyeupe na laini, ambayo hakuiamini. Aliitia kidogokidogo kama dawa.

Basi Baba mkwe akaugua. Alikuwa mwanajeshi mstaafu, majirani wakimwita Afande, na Kiswahili chake kilikuwa cha kambini: hata akiomba maji ungedhani anaongoza gwaride. Homa ilimlaza hospitalini muda mrefu. Aliporudi, suruali zake zilihitaji kamba. Daktari alisema homa imekwisha, kilichobaki ni kula, na kwamba mzee wa umri ule asipokula atarudi hospitali, na safari hiyo huenda asitoke.

Hakula. Mama Baluku alimpikia ngege wabichi kutoka ziwani, akatoa miiba yote kwa vidole. Mzee akagusa, akasukuma sahani. Alimpikia supu ya mbuzi. Akaisukuma. Mwishowe akachinja kuku wa nyumbani, akampika kama alivyompika maisha yake yote, na sahani ikarudi jikoni nyama zikiwa zimepangwa vilevile. "Ondoa," ndilo neno pekee alilosema mzee.

Nilimkuta Mama Baluku ameinama juu ya chungu, anavuta mvuke kwa pua, anafunika, anafunua tena. Sikuwa nimewahi kumwona mama yule akikosa la kufanya. Aliniambia bila kunitazama kwamba labda mkono wake umekufa, na kwamba mzee ataondoka huku yeye akimpikia maji matupu.

Kesho yake ilikuwa Jumapili. Tuliporudi kanisani tulimkuta Baba mdogo, mdogo wake mzee, ameshuka kutoka Kyarumba kumwona mgonjwa, amebeba jogoo mwekundu kwapani. Masereka alikuwapo pia, lakini alikuwa chumbani anamnyoa baba yake ndevu. Tukampika yule jogoo. Nyama ilipolainika, Mama Baluku akafunga mlango wa jikoni, akachota mchuzi kwa kijiko cha mbao, akaninyooshea.

Aliniambia kwamba anajua kwetu wanawake wanakula kuku, kwa hiyo mimi nina ulimi wa kuku na yeye hana. Nionje, nimwambie ukweli.

Mwanangu, nilionja. Nyama ilikuwa laini, ya kupendeza, lakini mchuzi ulikuwa umepooza, chumvi haikufika popote. Hata mtu mwenye afya angeumeza kwa adabu tu, sembuse mgonjwa ambaye dawa zimemharibia kinywa. Nikamtazama yule mama, aliyesifiwa kilima kizima kabla mimi sijazaliwa. Nikamwambia ni mzuri.

Hakukasirika. Alikirudisha kijiko chunguni, akanitazama kwa utulivu, kisha akasema:

"Biira, nimekuomba ulimi. Heshima sikukuomba. Heshima ninayo ya kutosha, na mume wangu anakufa njaa juu yake."

Sijawahi kukemewa kwa sauti ndogo hivyo. Nikamwambia yote. Chumvi haitoshi hata nusu. Mchuzi ni mwepesi mno. Kwetu tungekaanga nyama kwanza kwa mawese kidogo na vitunguu vingi, ndipo tukatia maji. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akanipisha mbele ya chungu. Nikaogopa zaidi. Lakini yeye mwenyewe alishika chumvi, akatia, akanipa nionje. Akatia tena. Mimi nikakaanga vitunguu kando kwa mawese yangu niliyotoka nayo kwetu, nikaviponda na nyanya, nikavimimina. Akauacha mchuzi upungue mpaka ukashika kijiko. Nilipoonja mara ya mwisho sikuhitaji kusema, maana alikuwa anasoma uso wangu.

Tukapeleka chakula ndani: kuku, na bundu, huo ugali wetu wa muhogo. Wanaume walikuwa mezani, mzee ameegemea mto, ndevu zimenyolewa. Alichovya tonge kwa uvivu, akatia mdomoni. Akachovya tena. Masereka alikuwa ameacha kutafuna. Mzee akachukua paja, akalila mpaka mfupa ukabaki mweupe, kisha akauliza nani amepika.

Mama Baluku, aliyekuwa amesimama mlangoni na birika la maji ya kunawa, alijibu kwamba wamepika wanawake wawili na ulimi mmoja. Akamweleza mambo yalivyokuwa, kwamba yeye hakujua chumvi imepungua kwa sababu hajui kuku ana ladha gani.

Mzee akaweka mfupa chini. Nadhani hakuwahi kulifikiria jambo hilo hata siku moja. Alimgeukia mkewe, akasema kwa Kiswahili chake cha kambini:

"Mama Baluku. Kaa hapa. Kula."

Mama hakusogea. Akasema mama yake hakula, na bibi yake hakula.

"Nani ilikukataza? Mimi? Mimi hapana kataza wewe hata siku moja."

"Hukunikataza," Mama Baluku akasema. "Lakini hukunikaribisha pia."

Baba mdogo aliinamisha kichwa akawa anaangalia sahani yake. Masereka aliinuka akatoka kwenye kiti chake. Mzee akanyoosha mkono, akachagua firigisi, ile nyama ambayo katika nyumba ile haikuwahi kuguswa na mwingine ila yeye, akaiweka kwenye sahani safi, akaisukuma kuelekea kile kiti. Hakuamuru tena. Alisema "tafadhali." Kwa kweli sikujua kama analijua neno hilo.

Mama Baluku aliketi. Alitafuna polepole, macho yakiangalia ukutani. Tulingoja alie, au acheke, sijui tulingoja nini. Akameza, akauliza:

"Kumbe ndiyo hii nilikuwa nawapikia?"

Kisha akatugeukia wote, amekunja uso. Alitaka kujua tangu lini chumvi imekuwa ikipungua, na kwa nini watu wazima wenye midomo walikula chakula kilichopooza, wakampa asante, wakanyamaza. Masereka alikiri kwamba wote walikuwa wanaogopa kumwumiza. Mama akasema waliomwumiza ni wao kwa kunyamaza. Alisema hivyo huku anachukua shingo, na baada ya shingo akachukua bawa. Mzee akacheka mpaka akakohoa, na hicho kilikuwa kicheko chake cha kwanza tangu hospitalini.

Alipona. Aliishi akaona wajukuu, wakila wote meza moja, na Mama Baluku alifikia uzee mwema akiwa mkali wa chumvi kuliko sisi sote.

Nayasema haya kwa sababu naingia katika nyumba zenu, mwanangu, na naona. Namwona aliyepika amesimama jikoni anakwangua masufuria, na waliopikiwa wameinamia simu zao, wanatafuna bila kusema lolote. Siku hizi hakuna mwiko wa kuku, lakini aliyepika bado hajaketi.

Kwa hiyo nisikie. Usipeleke mezani chakula ambacho hujakionja, awe kuku, awe samaki, iwe nyama ya mbuzi. Ukiombwa kuonja, sema unachokionja, ukiseme kwa upole lakini ukiseme chote, maana aliyekuuliza amekuamini. Ukipikiwa, fungua mdomo: chumvi ikikolea sema, ikipungua sema. Usidhani kwamba kwa kuwa hujamkataza mtu basi umemkaribisha. Mwite kwa jina lake, mpe kiti, mpe nyama nzuri kabla hujajipakulia. Na wewe unayepika, ukiitwa, njoo uketi. Usijibu kwamba utakula baadaye.

Mungu aliyetupa milima hii na ziwa lile akubariki, mwanangu. Akupe moto usiokuzimikia, akupe mikono yenye baraka juu ya kila unachokipika, na watu wa nyumba yako wale pamoja nawe, washibe, na wewe ushibe kati yao. Amina.