Taa za Idi za Nyakabiga

Hadi leo Nawal akiona taa za rangi humkumbuka fundi wa redio wa Nyakabiga, yule aliyekuwa akimenya nyaya kwa meno na kuifuta kila balbu kwa upindo wa shati lake, kama anayemfuta mtoto kamasi. Siku zile za mwisho za vita Nawal alikuwa na duka la intaneti, na Idi ilipokaribia alitaka ndugu waliokimbilia ng'ambo wauone mtaa wao. Basi fundi alizitundika taa barazani, akaziunganisha na kompyuta, akaweka kamera dirishani, ili mtu aliye mbali abonyeze tu, ziwake au zizime. "Pole pole, dada, courant haina haraka," alikuwa akisema juu ya umeme, hata ulipokatika. Lakini Nawal aliona jambo: kila akimaliza kufunga balbu, fundi alivua kofia, akalainisha nywele, akasimama kidogo mbele ya kamera, eti anaijaribu. 

Siku ya Idi, adhana ya magharibi ilipokwisha tu, taa zilizima zikawaka, zikazima zikawaka, mara tatu.

"Zimeharibika?" Nawal akauliza.

Koleo lilimponyoka fundi. "Apana. Bibi yangu alikuwa ananiita hivi na taa ya uani, chakula ikiiva."

Ulikuwa mwaka wa tisa tangu bibi huyo, mkewe, akimbilie Ubelgiji. Fundi akaigeukia kamera, akaitikia wito kwa sauti ya mume aliyezoea kuchelewa kuja mezani:

"Nakuya."