Nililinganisha naked bike mbili kwa macho, mama mkwe akanipa jibu bila kuziona

Wakuu, habari za mihangaiko. Haya ninayoandika sijayatia chumvi hata kidogo. Na kama kuna mtu wa Ng'ambo hapa Tabora atakayenitambua, ndugu yangu, nakuomba ukae kimya.

Mimi ni mchora vibao. Saluni, bucha, duka la dawa, ukiona herufi zimenyooka mtaani kwetu ujue ni mkono wangu.

Kwa hiyo kwenye suala la muonekano huwa sishauriwi. Najiona profesa kabisa.

Mwaka huu nikaamua kununua naked bike, zile pikipiki zisizo na maplastiki ya kuficha injini, kila kitu kiko nje. Rafiki yangu Salum, tuliyesoma naye, anauza used. Alikuwa nazo mbili, cc zilezile, hali ileile.

Akaniambia, "Kaa na hii siku mbili, rudisha, kaa na ile. Ukishindwa kuchagua hapo, wewe ni wa baiskeli."

Ya kwanza niliipa jina Nge. Nyeusi, tenki lina kona kali, taa ya mbele nyembamba kama jicho la mtu aliyenuna, na mkia umepanda juu hasa. Kiti cha abiria kina ukubwa wa andazi, kiko juu, halafu kinateremka kuja kwa dereva.

Ya pili nikaiita Mstaafu. Taa ya duara, tenki la mviringo, rangi ya tope. Kiti kimoja kirefu kimelala flat, na nyuma kina chuma cha kushikia.

Niliicheka mno. Nikamwambia Salum hii awauzie makatekista.

Nikaondoka na Nge kwenda ukweni, Goweko. Nilikuwa naenda kuringa tu, nisiwadanganye.

Nafika, nakuta nyumba haina raha.

Mama mkwe ana mtoto wa jicho, macho yote mawili. Anaona mwanga na vivuli, basi. Sasa madaktari wa macho walikuwa wamekuja mjini kufanya upasuaji bure, na zilibaki siku mbili tu, hiyo na kesho yake.

Mvua ilikuwa imekata barabara, basi halifiki. Pikipiki ndiyo ilipita, kwa kuzungukazunguka. Na bodaboda mama hataki hata kuwasikia, walishamwangusha mtoni.

Mke wangu alikuwa mjini, mimba ya miezi minane, mtoto wetu wa kwanza. Kila akimpigia simu mama yake alijibiwa jambo moja: "Huyo mjukuu nataka nimwone, sio nimpapase."

Baba mkwe akanivuta pembeni. "Mkwe, mpeleke wewe."

Wakuu ambao si wa huku, eleweni kitu. Kwa hawa wazee wetu, mkwe na mama mkwe hawagusani kabisa. Salamu unaitoa kwa mbali, macho chini. Mzee akaona dharura ni dharura, akatoa sharti moja: mama akae mwisho wa kiti, na pawe na nafasi kati yetu.

Msiniulize kwa nini hatukuweka mtu katikati. Kwenye Nge hata begi halikai.

Akapanda. Ashike wapi sasa? Nge haina chuma cha nyuma. Aliyeichora aliona kitaharibu muonekano, na mimi nilikuwa nimekubaliana naye kabisa.

Korongo la kwanza, nikagusa breki. Mama mkwe akateleza na kiti mpaka mgongoni kwangu.

Mungu wangu!

Nikasogea mbele mpaka nikawa nimekalia tenki. Korongo la pili, huyo tena, paji la uso likagonga bega langu.

Akasema, wala si kwangu, aliisemea hewa: "Nishushwe."

Akashuka, akaanza kurudi nyumbani kwa kupapasa majani ya kando ya njia. Mimi nyuma nakokota Nge. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze.

Tulipofika akamwambia mumewe, "Bora nibaki hivihivi. Siwezi kwenda kutafuta macho huku heshima naiacha njiani."

Wakuu, nililia. Pikipiki ninayoringia ndiyo inamnyima mtu macho.

Nikarudi Tabora mchana uleule, moja kwa moja kwa Salum. Nikamwambia nipe Mstaafu. Akacheka mpaka akakaa chini. "Ya katekista?"

Nikamjibu, "We cheka, ila nipe ufunguo."

Asubuhi na mapema niko Goweko. Nikaamkia kwa mbali, "Mwangaluka, mama." Hakutaka kutoka ndani.

Baba mkwe akamshika mkono, akamleta, akauweka ule mkono kwenye kiti. Mama akakipapasa kuanzia kwenye tenki mpaka mwisho, polepole. Akafika kwenye kile chuma, akakikamata, akakitikisa.

Akasema, "Hii imetengenezwa na mtu mwenye mkwe."

Tukaweka mfuko wake wa nguo katikati. Njia nzima, makorongo yote yale, mfuko haukuja kwangu hata inchi moja. Nilikuwa natabasamu ndani ya helmeti kama chizi.

Tumefika wanakaribia kufunga orodha. Waliandikwa wawili tu baada yake. Nikaketi chini palepale kwenye vumbi nikashusha pumzi, mzigo wote ukanitoka.

Wakamfanyia jicho la kulia kwanza. Mjukuu alipozaliwa akamtazama muda mrefu, akasema, "Masikio ya baba yake, pole yake." Sijawahi kufurahia kutukanwa namna ile.

Kisha akatoka nje, akaiona Mstaafu, ambayo nilishainunua, kwa mara ya kwanza. Akaizunguka yote. Akamwambia binti yake, maana mimi haniambii moja kwa moja:

"Kumbe ni mbaya hivi? Mwambie mumeo asiiuze."

Siiuzi.

Nilichojifunza: mimi nilikuwa nalinganisha taa na tenki, vitu vya kutazamwa na watu wa barabarani. Kumbe zunguka nyuma kwanza, uangalie anapokaa mtu wako.

Wenye Nge zenu najua mmenuna, karibuni mnishambulie. Ila kabla hujaandika chochote, niambie kwanza: mama mkwe wako unamkalisha wapi?