Bibi Kadi na Kamba ya Mafundo

Bibi Kadi kafundisha darasa la awali miaka ishirini na miwili, na miaka yote hiyo silaha yake ni moja: kadi. Zipo mia tatu na kumi. Kazikata mwenyewe, kila moja ina picha na neno chini yake. Soko. Jirani. Fundi. Posta. Anainua kadi, darasa linapayuka, anaishusha. Watoto wake wa kwanza sasa wana ndevu, na wakikutana naye barabarani bado wanakaribia kupiga kelele "Posta!"

Basi mwanamke wa namna hiyo akajaliwa mjukuu asiyesema.

Si bubu. Anasikia, anacheka, akitaka maji ananyoosha kidole. Ila neno kumtoka ilikuwa kama kung'olewa jino. Wajomba zake, watu wasio na haya, wakambandika jina Kasuku. Bibi alimwinulia kadi asubuhi na jioni mwaka mzima. Kasuku alizitazama, akapiga miayo.

Pale shuleni mwalimu hafundishi damu yake. Kasuku akaangukia chumba cha pili, kwa Mwalimu Mpya, binti wa juzi mwenye raba nyeupe na sauti ya kubembeleza. Binti hakuwa na kadi hata ya dawa. Alikuwa na kamba yenye mafundo kumi na mawili. Kila mtoto anashika fundo lake, wanatoka langoni kama treni iliyosahau injini, wanakwenda kumtazama fundi cherehani, muuza duka, mfagia barabara. Wakirudi wanajenga mtaa sakafuni kwa maboksi ya sabuni, na humo kila mtoto ana kazi yake.

"Michezo ya maboksi," Bibi Kadi alikuwa akisema, na midomo kaibetua.

Mpaka jioni moja, mezani, Kasuku alipovua kiatu chake kilichoachama mbele, akakigeuzageuza kama daktari.

"Bibi, soli imeachia. Inataka gundi, halafu ishonwe. Gundi peke yake haitoshi."

Mama yake aliangusha kijiko. Wajomba walipiga meza. Bibi alitabasamu kwa meno tu, macho hayakushiriki. Maneno kumi, ukitoa "Bibi". Aliyahesabu. Hakuna hata moja lililotoka kwenye kadi zake.

"Nani kakufundisha hayo?"

"Mwalimu wangu."

Lile "wangu" lilimkaa kooni usiku kucha.

Kesho yake alijipitisha dirishani kwa chumba cha pili, eti anatafuta chaki.

"Shikamoo, mama! Umemsikia mjukuu wako?" Mwalimu Mpya alisema. "Ijumaa tunarudi kwa fundi viatu. Mara ya kwanza walitazama tu, safari hii yeye anapeleka kiatu chake. Maswali kayapanga mwenyewe."

"Kayapanga kwa kusema?"

"Kwa kusema! Hanyamazi yule, mama, ananichosha."

Anamchosha! Mwenzake kangoja kuchoshwa hivyo mwaka mzima. Bibi Kadi alikwenda moja kwa moja kwa mwalimu mkuu na kuandika barua palepale: watoto wanavushwa barabara, fundi ana kisu, yeye katika miaka ishirini na miwili hajapoteza mtoto. Hakuandika kwamba hajawahi kuwatoa nje ya lango. Mwalimu mkuu, mtu anayetokwa jasho akisikia neno "barabara", akafuta safari zote.

Ijumaa Kasuku alirudi na kiatu mkononi, mdomo wake wazi vilevile. Mdomo wa kiatu, maana wa mwenyewe ulikuwa umefungwa. Mama mtu aliuliza, wajomba walitania, wapi. Bibi akachomoa kadi mpya aliyoichora kwa siri: Soli. Mtoto aliipokea, akailaza kifudifudi mezani, akaweka kiatu juu yake.

Hapo Bibi alijua kavunja nini.

Jumamosi asubuhi alimshika mkono mpaka kwa fundi viatu, pale pembeni chini ya mwavuli.

"Aa, fundi mdogo!" yule bwana alisema. "Jana nimewangoja mpaka nikapanga vigoda."

"Tulizuiwa," Kasuku akasema.

"Na nani?"

"Mtu mmoja."

Bibi alipata jambo la muhimu sana la kutazama upande wa pili wa barabara.

Kisha bomba likafunguka. Kwa nini uzi unapakwa nta? Kisigino kinaisha upande mmoja kwa nini? Viatu watu wanavyovisahau vinakwenda wapi? Fundi alijibu huku anashona. Bibi kainua kadi ya "Fundi" maelfu ya mara, na hakuwahi kujiuliza viatu vilivyosahauliwa vinakwenda wapi.

"Na huyu mama ni nani?"

"Bibi yangu. Ni mwalimu pia," Kasuku alisema, kisha akashusha sauti kama anayemwombea mtu radhi. "Ana kadi."

Jumatatu, kabla ya kengele, Bibi alikuwa mlangoni kwa mwalimu mkuu.

"Ile barua naifuta."

"Na barabara, mama?"

"Nitasimamisha magari mwenyewe. Nipewe fundo la kwanza."

Mwalimu Mpya hakuuliza barua ilikuwa ya nani. Alisema, "Asante, mama," na ikauma kuliko tusi.

Ijumaa treni ikapata injini. Bibi Kadi alinyoosha mkono, magari yakasimama, hata lori. Nyuma yake Kasuku alikuwa akimwaga maneno, na kila swali lilianza na "Mwalimu," na mwalimu huyo hakuwa yeye. Walipofika ng'ambo Bibi alitoa mfukoni kadi tupu na penseli, akatega sikio, akawa anayanakili maneno ya mjukuu wake upesi upesi, kiganja kimeifunika kadi, kama mtahiniwa anayemwangalizia jirani.