Kufuta si kuficha: Wankyo na ukurasa wa binti aliyekimbia

Saa moja na nusu asubuhi, Buhare, pembezoni mwa mji wa Musoma. Kabla hajawasha mashine ya kutolea kopi, Wankyo Magige anafungua kompyuta na kusoma walichoandika watu tangu jana. Mmoja kaongeza neno kwenye ukurasa wa samaki aina ya ningu. Wankyo anacheka, analiacha.

Riziki yake ni kuchapa barua za watu. Lakini kwa miaka minne, bila kulipwa hata ya vocha, ni mmoja wa wasimamizi watatu wa tovuti ya historia za vijiji vya Mara, ambayo mwananchi yeyote anaweza kuiandika na kuirekebisha. Ina kurasa 640.

"Watu wanafikiriaga kufuta ni kuficha," anasema. "Hata mimi nilikuwaga hivyo hivyo, mpaka yaliponikuta."

Yalianza kwa sifa. Mwalimu mstaafu Stanislausi, wa Nyegina, aliandika habari za binti wa Bunda aliyekimbia ukeketaji. Kwa desturi aliyolelewa nayo, huwezi kumsifu mtu bila kutaja baba yake, ukoo wake na anakokaa. Mzee wa watu akavitaja vyote, hadi nyumba alimofichwa binti.

"Nilitaka kumpa heshima," anasema mzee huyo, macho chini. "Kumtaja mtu nusunusu kwetu ni dharau."

Wankyo alizifuta sentensi hizo. Kwa kuwa tovuti hutunza kila toleo la zamani, akalificha pia toleo la mwalimu, kisha akalala usingizi mnono. Asubuhi akaufungua ukurasa kama msomaji wa kawaida, akabonyeza toleo la mtu aliyeongeza mkato tu. Siri yote ilikuwa pale pale. Watu kumi na wanane walikuwa wameugusa ukurasa baada ya mwalimu, na kila toleo lilikuwa limeibeba.

"Nikampigia mama mwenye nyumba ile, nikamwambia, mama, mtoe mtoto sasa hivi. Ndio nikaanza kuficha, moja moja, na mtandao nao unagoma."

Ilimchukua saa tatu. Binti alihamishwa kabla ya adhuhuri. Jioni, wajomba zake wawili walibisha hodi kwa mama yule. Nani aliwaelekeza, Wankyo hajui mpaka leo, na swali hilo linamuuma.

Sasa anataka kitufe kimoja: uteue maneno, yafichwe kwenye matoleo yote kwa mpigo. Baltazar, fundi programu wa Butiama, ameanza kukitengeneza. Wanataka kiwe tayari kabla ya likizo ya Desemba, ngariba wanapoanza kazi.

"Mwaka huu nisikimbizane tena na siri," anasema.

Kabla ya kuagana, anaomba daftari la mwandishi wa makala hii. Jina la kijiji alikohamishiwa binti, lililomponyoka kwenye mazungumzo, limekatwa kwa mstari. Anaelekeza karatasi kwenye mwanga wa mlangoni.

"Si unaona linasomeka?"

Anaichana. Kisha anapapasa karatasi ya chini yake, ambako kalamu imeacha alama, na kuichana nayo.