Skrini Iliyojifuta Wodini

Siku yangu ya kwanza kazini, Mkuu wa Kitengo cha Kompyuta katika hospitali moja ya hapa Mwanza alinikalisha mbele ya terminali, yaani skrini na kibodi vilivyofungwa waya hadi kwenye kompyuta kuu moja, ya mfumo wa Unix, iliyokuwa maabara.

"Kompyuta haioni skrini yako," akaniambia. "Lazima uitajie ni ya aina gani. Ukiidanganya, itakuandikia takataka."

Aina hiyo iliandikwa kwenye mpangilio ulioitwa TERM. Yetu ilikuwa vt100.

Nilianzia mapokezi, nikapelekwa maabara, kisha wodi ya wazazi. Huko wauguzi walisoma majibu ya vipimo kwa programu ya kusomea maandishi, ukurasa kwa ukurasa. Ukibonyeza q kutoka, ukurasa wa mwisho ulibaki kwenye skrini. Nilimfundisha Sista Kokugonza, muuguzi kutoka Bukoba, atoke kwanza ndipo anakili kwenye faili la mgonjwa, asije akaiacha programu wazi. Alishika utaratibu huo miaka yote.

Terminali zilipochakaa tukaleta kompyuta za kawaida, nami Ijumaa moja nikabadili aina kuwa xterm. Nilijua kwamba sasa programu ingeonyesha maandishi kwenye ukurasa wa muda tu, na msomaji akitoka, alichosoma kingetoweka. Nilijua pia kwamba kuongeza -X kwenye amri ya kuifungua programu kungezuia hilo. Nikajisemea nitaiweka Jumatatu. Sikumwambia mtu.

Jumamosi Sista alisoma makundi ya damu ya akina mama wawili, akabonyeza q. Majibu yakapotea. Mmoja wa wale mama alikuwa akivuja damu na daktari alikuwa akiita, hivyo Sista akaandika alichokumbuka. Aliandika kundi la mmoja kwenye jina la mwingine. Hapakuwa na muda wa kupima tena. Yule mama, mkazi wa Mabatini, aliongezewa damu isiyo ya kundi lake, akafariki jioni.

Kwenye kikao cha Jumatatu asubuhi Mganga Mkuu alimuuliza Sista, "Kwa nini hukunakili kilichokuwa mbele yako?"

"Kilifutika, daktari."

Akanigeukia mimi. "Mashine ilikuwa mbovu?"

"Hapana, daktari. Ilikuwa nzima."

Sista aliachishwa kazi. Jumatatu hiyo hiyo niliweka ile -X, na hakuna aliyeuliza.

Vijana mnaoshika kazi hii, mkigusa mpangilio, waambieni wanaoutumia kabla hamjaondoka. Mimi nilijifunza hilo kwa gharama ya watu wengine.

Nilipostaafu nilimfuata Sista nyumbani kwake Usagara, nikamkuta uani anachambua maharage. Nikamweleza yote nikiwa nimesimama. Akaweka ungo chini.

"Mume wangu alikufa akiamini nilikuwa mzembe," akasema. "Hata mimi niliamini." Kisha akauliza, "Yule mama aliacha mume na watoto. Umewaendea?"

"Bado, dada."

"Basi hapa kwangu usikae."

Nimeshafika Mabatini mara mbili. Nyumba nimeonyeshwa. Mara zote mbili niliishia kwenye duka la jirani, nikanunua sukari nisiyoihitaji, nikarudi nyumbani Nyakato.