Mgombea Aliyekataa Kurusha Pipi

Lyle Vandersloot alianza kusoma sayansi ya siasa akiwa na miaka arobaini na sita, na kufikia wiki ya pili hapakukalika naye. Kiwanda cha mashine za kufulia kilikuwa kimefungwa, injini ya gari lake ilikuwa imekufa, na mama yake, Bi Arlene, aliyekuwa akimlisha, ndiye aliyemsukuma aende chuo cha kaunti, kile cha miaka miwili, akasomee kitu chenye ajira. Mama alimaanisha ufundi wa mabomba. Lyle akarudi na siasa.

Tangu hapo mezani kwa Bi Arlene hapakuliwa chakula kwa amani. Mama akilalamikia bei ya mayai, Lyle anaweka uma chini na kumweleza mgawanyo wa madaraka. Jirani akija kuazima mashine ya kukatia nyasi, anaondoka nayo pamoja na somo la jinsi Wagiriki walivyopiga kura. Maneno aliyoyapenda kuliko yote yalikuwa “mpiga kura wa kawaida”, na aliyatamka kama mtu anayetoa unywele kwenye supu.

“Mwanangu,” Bi Arlene alimwambia siku moja, “huyo mpiga kura wa kawaida ndiye aliyekupikia hivyo viazi.”

Lyle alitabasamu kwa huruma, akaomba viazi vingine.

Chuo kilikuwa nje ya mji, katikati ya mahindi, na asiye na gari alifika huko kwa njia moja tu, basi la jioni la baraza la mji. Humo ndimo alimojuana na Twyla Haas. Twyla alifanya kazi kwenye nyumba ya kutunzia wazee. Aliwaogesha, akawalisha, akawageuza kitandani, kisha akapanda basi na sare yake mwilini kwenda darasa lilelile la Lyle. Alitaka amalize pale, ahamie chuo kikuu, asome sheria, na siku moja awafikishe mahakamani wenye ile nyumba, kwa mambo aliyoyaona humo. Hakulisema hilo kwa watu wengi. Alikuwa amebakiza mwaka mmoja.

Masika hayo baraza likatangaza kwamba linataka kulifuta basi, fedha ziende kwenye taa za uwanja wa besiboli. Madiwani wanne waligawanyika wawili kwa wawili, na kiti cha tano kilikuwa kitupu, kikisubiri uchaguzi wa Novemba. Atakayekikalia ndiye atakayeamua. Lyle akasimama ndani ya basi akatangaza kwamba anagombea. Twyla alilia kwa furaha, na Lyle, jinsi alivyokuwa, alidhani analilia kipaji chake.

Kampeni yote aliifanya Twyla. Akitoka kazini alibisha hodi nyumba kwa nyumba, akachomeka vibao vya jina la Lyle kwenye nyasi za watu, akacheka na wazee barazani. Lyle alibaki nyumbani kwa mama yake akitafakari misimamo. Hata hivyo watu walianza kumkubali, kwa kuwa walikuwa hawajamsikia akizungumza.

Ikaja Nne Julai, sikukuu ya uhuru wa Marekani. Mji huu humsamehe mgombea mambo mengi, ulevi, talaka, hata kusema uongo kanisani, lakini siku ya gwaride sharti atembee barabara kuu akiwarushia watoto pipi. Watoto hukaa ukingoni tangu asubuhi na ndoo zao, na bibi zao hukaa nyuma kwenye viti vya kukunja, wakipima nani ana mkono mkunjufu na nani bahili. Hapo ndipo kura huamuliwa, Novemba ni kuzihesabu tu. Twyla alinunua mfuko mzima wa pipi kwa fedha yake, akamletea Lyle pale gwaride lilipokuwa likijipanga.

“Shika. Ni zile laini, hazivunji meno. Rusha chini chini, usije ukamtoboa jicho mtoto wa watu.”

“Sirushi.”

“Hurushi nini?”

“Pipi. Hii ni hongo, Twyla. Mkate na michezo, Warumi walifanya hivihivi. Mimi nawapa hoja.”

“Mtoto wa miaka minne unampa hoja?”

“Nampa mzazi wake.”

“Mzazi wake anamwangalia mtoto, we Lyle! Rusha pipi tupate basi, ndugu yangu. Ukishakaa kwenye hicho kiti utawadharau vizuri tu, kwa nafasi yako.”

Lyle akamrudishia mfuko. Alikuwa na furushi la vipeperushi alivyoviandika mwenyewe kuhusu bajeti ya usafiri, vyenye tanbihi chini ya kila ukurasa. Basi akaondoka kidete nyuma ya gari la zimamoto, pua juu, akigawa. Nyuma yake alikuja Gordy Behrens, mpinzani wake, muuza matrekta makuukuu asiye na wazo hata moja kichwani, amekaa juu ya trekta akimwaga pipi kwa mikono miwili kama anayelisha kuku.

Mbele ya benki msichana mdogo alimwinulia Lyle ndoo yake. Lyle akatia kipeperushi. Mtoto akachungulia ndani, akamtazama Lyle, midomo ikaanza kumtetemeka.

“Umempa nini huyu?” bibi yake akauliza.

“Bajeti ya usafiri, mama.”

“Mtoto huyu hajui kusoma.”

“Na wanaojua hawasomi,” alisema Lyle. “Ndiyo maana mnaishia kuongozwa na wauza matrekta.”

Maneno hayo yalizunguka mji mzima kabla fataki hazijaanza kulipuliwa. Twyla, aliyekuwa akimfuata kando ya barabara, alipasua mfuko wake akaanza kurusha pipi kulia na kushoto, huku anahema. Watu walimshukuru, wakamwambia kwamba Gordy ni mtu mkarimu sana.

Novemba Gordy alishinda kwa kura chache tu, zinazoenea kwenye familia ya bibi mmoja mwenye wajukuu wengi. Januari akainua mkono barazani na basi likafutwa. Ilikuwa aibu tupu, na mtu mwingine angejificha. Lyle aliifanyia utafiti. Aliandika kurasa ishirini kuhusu upungufu wa fikra wa mpiga kura katika mji mdogo, na Profesa Kessler, aliyewafundisha, mtu mpole ambaye hajawahi kugombea hata ukatibu wa kwaya, akampa alama ya juu kabisa na kumwambia hajapata mwanafunzi kama yeye.

Lyle alijisikia vizuri mno hata akashindwa kukaa na habari hiyo peke yake. Mwezi Machi akaenda kwa miguu hadi kwenye nyumba ya wazee, karatasi zake kwapani. Alimkuta Twyla akimlisha mzee mmoja uji wa shayiri. Twyla alifuta mikono, akasoma ukurasa wa kwanza, akamrudishia.

“Hongera,” alisema. “Chuoni unafikaje siku hizi?”

“Kessler hunipitia. Anakaa huku kwetu, barabara ya ghala la mahindi. Mtu muungwana sana, wala hataki hela ya mafuta.”

“Barabara ya ghala.” Twyla aliweka kijiko ndani ya bakuli. “Si mnapita hapa mlangoni?”

“Kila jioni. Taa zenu naziona.”

“Mko wangapi kwenye gari?”

“Wawili. Mimi na yeye.”

“Na nyuma?”

Lyle alifikiri, kwa kuwa alipenda kujibu maswali kwa usahihi.

“Nyuma naweka mkoba wangu,” alisema.

Twyla akachukua kijiko, akamgeukia mzee wake na kumpangusa kidevu.

“Muhula umeshafika katikati, Lyle. Hawampokei tena aliyeacha masomo. Nenda zako, nina watu wa kulisha.”